Vipande vya ndala kati ya mfuko na usukani

Mfuko wa mbele kwenye usukani wa baiskeli uliopinda chini usiukaze moja kwa moja kwenye chuma. Kata ndala kuukuu, panga vipande viwili viwili hadi unene wa sentimita 3 hivi, uvitie chini ya kila mkanda, kulia na kushoto. Nafasi hiyo huziacha nyaya za gia na breki zipite kwa mkunjo mpana. Waya ukikunjwa ghafla, gia husitasita na breki huchelewa kuachia. Vidole navyo hupata pa kushika.

Upana wa mfuko ndio wengi husahau: mikono mingi ya breki ya Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, hubadili gia kwa kusukumwa ndani, kwa hiyo mfuko uliopakiwa usiigonge. Isukume yote hadi mwisho kabla ya kuondoka. Mkanda wa tatu uzungushe bomba la mbele la fremu, nyuma ya nyaya, mfuko usichezecheze.

Kwenye fremu ndogo njia hii hushindwa, maana mfuko hushukia tairi. Ukiona pengo kati ya mfuko na tairi halifiki sentimita 5, punguza mzigo. Vitu vizito kama maji na vyuma viweke katikati ya fremu. Vikikaa mbele, sponji ya ndala hubonyea na mikanda hulegea.