Pistoni mpya inabana au inagonga kwenye ATV (pikipiki ya magurudumu manne): jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Wakuu, hii naiandika kwa yule aliyenunua pistoni isiyo ya kiwanda kilichotengeneza injini yake, kaifunga, alafu injini inazunguka kwa tabu, au inagonga, au imetembea kidogo tu ikakamata. Nimefunga sana pistoni za aina hii na nyingi zimedumu, kwa hiyo sisemi ni mbovu. Ninachosema ni kwamba namba ya kwenye boksi siyo kipimo, kipimo ni kile ulichokisoma wewe kwenye mikromita.

Andaa mikromita ya nje, geji ya kupimia ndani ya silinda, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya), vernia, maka nyeusi na plastisini ya watoto. Kama hauna mikromita azima, vernia peke yake haitoshi kwa hii kazi.

Hatua ya 1: weka pistoni ya zamani na mpya sambamba

Ziweke mezani pembeni kwa pembeni, pima kipenyo cha pini (inayoiunganisha pistoni na konrodi, yaani ule mkono unaokwenda kwenye kranki), upana wa yale masikio yanayoshika pini, urefu wa sketi (ule ubavu wa pistoni ulio chini ya ringi), na umbali kutoka katikati ya pini mpaka ukingo wa juu wa pistoni. Huo wa mwisho unaupata kwa kupima kuanzia ukingo wa tundu la pini kwenda juu, alafu unaongeza nusu ya kipenyo cha tundu. Angalia na vishimo vya valvu kichwani, vina kina gani na vimekaa upande gani. Ukiona kichwa cha mpya kimenyanyuka kuliko cha zamani usiogope, inawezekana imetengenezwa kwa kompresheni (mgandamizo) kubwa, ila hapo hatua ya 5 usije ukairuka.

Hatua ya 2: uwazi kati ya pistoni na silinda

Hapa ndo wengi wanapokosea. Pistoni siyo duara kamili, ina uyai kidogo, na juu ni nyembamba kuliko chini. Ukiipima karibu na ringi utapata uwazi mkubwa ambao siyo wa kweli. Pima kwenye sketi, nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kwenye urefu ule ulioandikwa kwenye karatasi iliyokuja nayo. Silinda nayo ipime juu, katikati na chini, kila sehemu mara mbili, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, maana inaweza kuwa imelika upande mmoja tu. Mfano silinda 80.04, pistoni 79.99, uwazi wako ni 0.05 mm. Pistoni za kumimina kwenye kalibu mara nyingi zinakaa kwenye 0.03 mpaka 0.06, zile za kufuliwa zinataka zaidi maana zinatanuka zaidi zikipata moto, sasa wewe fuata karatasi ya pistoni yako, siyo kitabu cha injini.

Jambo jingine, pima vyote vikiwa na joto sawa. Pistoni ya milimita 80 ikipanda nyuzi joto 30 tu inatanuka karibu 0.05 mm, yaani umekula uwazi wote! Ndo maana ukiitoa juani ukaipima muda huohuo na silinda imetoka kivulini utasema pistoni ni kubwa wakati haina shida yoyote. Viache mezani pamoja usiku mzima.

Ikiwa uwazi ni mdogo kweli, silinda ya chuma inaongezwa kwa kuchongwa kidogo kwa fundi wa mashine. Ile ya aluminiamu yenye utando mgumu wa nikeli ndani haichongwi hivyo, inapakwa upya, kwa hiyo usiipeleke kwa mtu asiyeijua.

Hatua ya 3: ringi

Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni iingie kama sentimita 2 ili ikae sawa, alafu pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kama karatasi haisemi, hesabu ya kuanzia ni 0.004 mm kwa kila milimita ya kipenyo, kwa silinda ya 80 inakuja kama 0.32. Mwanya ukiwa mdogo ncha zinagusana injini ikichemka, ringi inakosa pa kwenda na inaanza kuchana silinda. Piga tupa ncha moja tu, kidogokidogo, ukivuta kuelekea ndani, na ondoa ukali wote.

Hatua ya 4: zungusha bila ringi

Kwanza pini. Ipake oili, inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, ikidai nyundo simama hapohapo. Tumia pini iliyokuja na pistoni na ihakiki kwenye konrodi pia. Ziba mdomo wa kranki kesi (boksi la chini linalobeba kranki) kwa kitambaa safi ukiwa unaweka klipsi zinazozuia pini isitoke, na klipsi ziwe mpya. Mshale kichwani kwa kawaida unaelekea ekzosi, kama kumeandikwa IN basi upande huo ni wa intek.

Sasa vaa silinda bila ringi na uzungushe kwa mkono, huku umeshikilia cheni ya taimingi isilegee. Ikibana hapa, kosa liko kwenye pistoni, pini, uwazi au konrodi iliyopinda. Ikiwa laini bila ringi alafu inabana ukiziweka, basi shida ni ringi au mifereji yake.

Niliwahi kuletewa ATV ya silinda moja, inagonga kila mzunguko, mwenyewe alishabadilisha beringi bure. Nikapaka maka sketi yote mpaka ukingoni, nikafunga bila ringi, nikazungusha raundi mbili. Kuitoa, maka imefutika sehemu mbili ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kwenye ukingo wa chini kabisa, chini ya masikio ya pini. Pistoni ikifika chini ilikuwa inagusa yale mapande mazito ya kranki, sketi ilizidi ya zamani kwa kama milimita 2. Ilikuwa ya modeli nyingine, ikarudishwa.

Hatua ya 5: plastisini

Hapa tunapima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika vipande kwenye vishimo vya valvu, vipake oili visinate kwenye valvu, funga hedi na gasketi yake, weka taiming, zungusha kranki mara mbili kamili, polepole. Ikigoma usilazimishe. Fungua, kata plastisini kwa wembe na upime palipo pembamba zaidi. Mimi sikubali chini ya 1.0 mm intek na 1.5 mm ekzosi.

Vipimo vikikaa sawa, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, paka oili, panga ncha za ringi zisikae mstari mmoja, funga. Kwa injini ya tu-stroku ncha za ringi zibaki kwenye vile vipini vidogo vilivyo ndani ya mfereji wa ringi. Washa, iache ipate joto, zima, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa bila kuipa mzigo. Mlio mdogo ikiwa baridi unaopotea ikipata moto ni kawaida kwa pistoni ya kufuliwa. Mlio unaozidi kadiri inavyochemka, zima muda huohuo na ufungue.