Kuchagua intafesi ya sauti kwa podikasti: hesabu midomo kwanza

Nikiulizwa "ninunue intafesi gani?", yaani kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, huwa narudisha swali: mezani mtakaa wangapi, na maiki zenu ni za aina gani?

Hatua ya 1: Hesabu midomo. Kila msemaji awe na maiki yake, na kila maiki tundu lake. Niliwahi kuwabananisha wageni wawili kwenye maiki moja ili nipunguze gharama. Mmoja akakohoa katikati ya jibu zuri la mwenzake. Kukiondoa kikohozi ilikuwa lazima niliondoe na jibu. Tena usidanganyike na namba za kwenye jina. Focusrite Scarlett 4i4 ina njia nne za kuingiza sauti, lakini zinazopokea maiki ni mbili tu. Nyingine ni za vyombo kama kinanda.

Hatua ya 2: Ijue maiki yako. Ya kondensa hula umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kwa hiyo tafuta kitufe cha 48V. Ya dainamiki kwa kawaida haiuhitaji. Kama maiki yako ni ya USB, funga pochi: intafesi yake imo ndani.

Hatua ya 3: Kagua geini, yaani nguvu ya intafesi ya kukuza sauti ya maiki. Hapa usiwe na haraka. Shure SM7B, maiki inayopendwa sana na wanapodikasti, hutoa sauti hafifu mno, na Shure wenyewe wanashauri geini ya angalau desibeli 60. Intafesi ya Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu inaishia 56; ya kizazi cha nne inafika 69. Nguvu isipotosha, utazungusha kifundo cha geini hadi kigome na bado sauti iko chini. Ukiipandisha kwenye programu, unapandisha na ule mchakacho wa nyuma, shshsh, kama mvua ya mbali juu ya bati. Lakini ile 192 kHz, kipimo cha ubora wa kurekodi wanachokiandika kwa mbwembwe kwenye boksi, achana nayo. Kwa maongezi, biti 24 na 48 kHz zinatosha kabisa.

Hatua ya 4: Masikio. Hakikisha unaweza kujisikia moja kwa moja, kabla sauti haijazunguka kwenye kompyuta. Ukijisikia kwa kuchelewa, hata kidogo, ulimi unaanza kujikwaa. Tundu la hedifoni likiwa moja nanyi ni wengi, ongeza kigawanyio.

Hatua ya 5: Mgeni wa mbali. Kama mnaongea naye kwa intaneti, chagua intafesi inayoweza kuingiza sauti ya kompyuta kwenye rekodi. Maelezo yake huiita loopback. Ila angalia asirudishiwe sauti yake mwenyewe, maana atasikia mwangwi na mazungumzo yatakufa.

Hatua ya 6: Ijaribu ungali na nafasi ya kuirudisha. Kaa vidole vinne kutoka kwenye maiki, ongea kama kawaida, pandisha geini mpaka vilele vya sauti viguse desibeli -12 hivi kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Kisha nyamaza sekunde kumi huku ukirekodi, usikilize ukimya huo kwa hedifoni. Ukisikia mlio, chomoa kwanza chaja ya kompyuta mpakato. Mara nyingi mkosaji ni yeye. Mlio ukibaki vilevile, au kifundo kimefika mwisho kabla ya -12, irudishe.