Word mbili kwenye kompyuta moja: namna ya kuamua ipi ifungue faili

Mwongozo huu ni wa wenye steshenari, makatibu muhtasi na walimu ambao kompyuta zao za Windows 10 au 11 zina matoleo mawili ya programu ileile. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta hapa Kigoma, na wateja wangu wengi ni steshenari za Mwanga na Ujiji. Mfano mkuu utakuwa Word 2007 na Word 2016, maana hizo ndizo ninazozikuta zimekaa pamoja mara nyingi.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu asifute ya zamani akamaliza. Sababu kubwa ninayokutana nayo ni mitihani. Mwalimu wa hisabati analeta flashi yenye mitihani aliyoichapa miaka mingi iliyopita, na sehemu zote na vipeuo vya pili alivitengeneza kwa kihariri cha zamani cha milinganyo, Equation Editor 3.0. Januari 2018 Microsoft walitoa sasisho lililokiondoa kabisa kihariri hicho kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama. Kwenye Word mpya, mlinganyo ule unaonekana kama picha, ila ukiubofya ili ubadilishe 3 iwe 5, unaambiwa kihariri hakipo. Kwa hiyo steshenari nyingi zimebaki na Word 2007 ambayo haikuwekewa sasisho lile. Mwalimu aliyekuja kwa boti kutoka Kagunga na anayetaka kuiwahi boti ya kurudi pale Kibirizi hana muda wa kuandika milinganyo yote upya.

Lakini ujue unachokibeba. Microsoft waliacha kuihudumia Office 2007 tangu Oktoba 2017. Tena haina ule ulinzi ulioanza na Office 2010, unaofungua faili lililotoka kwenye mtandao au barua pepe kwa kusoma tu mpaka wewe uruhusu kuhariri. Udhaifu wa kihariri kile umetumiwa na wahalifu kuingiza programu hasidi kupitia nyaraka za kawaida kabisa. Ndiyo maana msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote hapa chini zinauhudumia: kubofya mara mbili kufungue toleo jipya siku zote, na toleo la zamani liitwe kwa makusudi tu, na mtu anayejua kwa nini analiita.

Hatua ya 1: Jua kila toleo limekaa wapi

Matoleo yote ya Word yanaendeshwa na faili lenye jina lilelile, WINWORD.EXE. Kinachoyatofautisha ni folda. Word 2007 iko kwenye Office12, 2010 kwenye Office14, 2013 kwenye Office15, na 2016 kwenye Office16. Namba 13 waliiruka. Fungua diski C, ingia "Program Files (x86)", kisha "Microsoft Office". Usipoiona 2016 hapo, tazama folda ndogo iitwayo root iliyo ndani yake, au rudi kwenye "Program Files" ya kawaida. Andika njia zote mbili kamili kwenye karatasi, kwa sababu utazihitaji.

Kama bado hujasakinisha, anza na toleo la zamani ndipo ufuatie jipya. Chagua pia Office 2016 ya biti 32. Office 2007 haikuwahi kuwa na ya biti 64, na kisakinishi cha biti 64 kitakataa kikiikuta ya biti 32 ndani ya mashine.

Hatua ya 2: Iulize Windows inachokiamini

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, wakaishia kubofya vitufe bila mpango. Windows haiunganishi faili na programu moja kwa moja. Inapita kwenye daraja la katikati. Kwanza inatazama kiendelezi, yaani zile herufi baada ya nukta, mfano .docx. Kiendelezi kinaelekeza kwenye jina la usajili, na jina la usajili ndilo linaloelekeza kwenye njia ya programu. Shida yetu yote imelala hapo katikati: Word 2007, 2010, 2013 na 2016 zote zinatumia jina moja la usajili kwa .docx, nalo ni Word.Document.12. Kwa hiyo unapofungua orodha ya kuchagua programu unaiona Word moja tu, na ukiichagua mara kumi bado itafungua ileile iliyojisajili mwisho. Mipangilio ya Windows haina namna ya kukuuliza unataka Word ipi, kwa sababu kwake zote ni kitu kimoja.

Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Tumia dirisha hilo hasa, usitumie PowerShell, maana amri mbili za mwanzo hazifanyi kazi kule. Andika:

assoc .docx
ftype Word.Document.12

Ya kwanza itakuonyesha jina la usajili. Ya pili itakuonyesha njia. Ukiona Office12 ndani ya njia hiyo, basi 2007 ndiyo inayoshika usukani.

Amri hizo zinasoma usajili wa mashine nzima. Kuna chaguo la mtumiaji, ambalo lina nguvu kuliko usajili huo. Kulisoma, andika kwenye mstari mmoja:

reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.docx\UserChoice"

Tazama neno lililo mbele ya ProgId, yaani lile jina la usajili. Sasa una jibu la uhakika kuhusu ugonjwa wako. Likianza na WPS au LibreOffice, programu nyingine kabisa imeshika faili zako, nenda hatua ya 3. Likiwa Word.Document.12 lakini faili linafunguka kwenye toleo usilolitaka, ruka hadi hatua ya 4. Likianza na neno Applications, mtu alivinjari mwenyewe akachagua faili la programu, na dawa iko hatua ya 7. Windows ikijibu kwamba haikuipata njia hiyo, maana yake hakuna aliyewahi kuchagua chochote, na usajili wa mashine ndio unaotawala.

Utaona pia mstari wa Hash. Hiyo ni mihuri ya kuthibitisha kwamba chaguo limefanywa na mtu na si programu, na ipo tangu Windows 8. Usijaribu kuandika ProgId mpya kwa mkono mahali hapo. Muhuri hautalingana, na Windows italitupa chaguo lako.

Hatua ya 3: Faili likiwa limeshikwa na programu nyingine

Hii ni nyepesi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Open with", kisha "Choose another app". Chagua Word, weka alama ya tiki kwenye "Always use this app", thibitisha. Kwenye Windows 11 huenda ukakuta kitufe cha "Always" badala ya kisanduku cha tiki. Rudia kwa .doc, maana .doc na .docx ni viendelezi viwili tofauti na kila kimoja kina chaguo lake.

Chaguo hili ni la akaunti moja. Kama dada wa zamu ya asubuhi na kaka wa jioni wana akaunti tofauti, fanya kwa kila mmoja.

Hatua ya 4: Lifanye toleo jipya lijisajili upya

Funga Word zote. Kwenye lile dirisha jeusi andika njia kamili ya toleo unalolitaka, ndani ya alama za kunukuu, ukimalizia na /r. Mfano:

"C:\Program Files (x86)\Microsoft Office\root\Office16\WINWORD.EXE" /r

Alama za kunukuu ni lazima, kwa sababu njia ina nafasi ndani yake. Subiri imalize, kisha rudia amri ya ftype. Ukiiona Office16, umefaulu. Kwa Excel tumia EXCEL.EXE na /regserver badala ya /r, na jina la usajili la kukagua ni Excel.Sheet.12.

Isipobadilika, nenda "Control Panel", "Programs and Features", bofya Office 2016, chagua "Change", kisha "Quick Repair". Marekebisho haya ya haraka hayahitaji intaneti, na mara nyingi yanarudisha usajili mahali pake. Lile chaguo la pili, "Online Repair", linapakua Office upya, na hapo bando lako la mwezi linaweza kuisha kabla kazi haijaisha. Lifanye liwe la mwisho kabisa.

Hatua ya 5: Izuie ya zamani isijirudishe

Ukiishia hatua ya 4, kesho utaitwa tena. Word 2007 ina tabia ya kujisajili upya kila inapofunguliwa baada ya toleo jingine kutumika. Ndicho kile kidirisha kinachosema Office inajipanga, mteja amesimama na flashi mkononi, na kila mtu anakitazama. Inapomaliza, imekwisha kunyang'anya .docx tena.

Andika amri hii kwenye mstari mmoja:

reg add "HKCU\Software\Microsoft\Office\12.0\Word\Options" /v NoReReg /t REG_DWORD /d 1

Namba 12.0 ndiyo 2007. Kama ya zamani yako ni 2010, weka 14.0. Herufi HKCU zinaonyesha kwamba badiliko ni la akaunti iliyoingia wakati huo. Kama akaunti ya kawaida ilikuomba nenosiri la msimamizi ulipofungua dirisha jeusi, amri itakwenda kwenye akaunti ya msimamizi na si ya mtumiaji. Kwa hatua hii, fungua dirisha lingine la kawaida ndani ya akaunti ya mtumiaji mwenyewe.

Kisha jaribu kwa vitendo: fungua Word 2007, ifunge, fungua 2016, ifunge, halafu bofya mara mbili faili lolote la .docx. Ikifunguka 2016, tuendelee.

Hatua ya 6: Tengeneza mlango wa makusudi

Mwalimu wa mitihani bado anahitaji 2007. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:sendto, ingia. Folda itafunguka. Ndani yake bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "New", kisha "Shortcut", uweke njia ya WINWORD.EXE iliyo kwenye Office12. Uipe jina linalojieleza. Mimi huandika "Word 2007 mitihani ya zamani tu".

Tangu hapo, ukibofya faili lolote kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Send to", utaikuta pale. Windows 11 inaficha menyu hiyo chini ya "Show more options". Njia hii naipenda kuliko zote kwa sababu haigusi usajili wowote. Mwalimu akisema, "Fundi, nataka kubadilisha swali la nne," mhudumu anajua pa kwenda, na faili la mteja mgeni lililopakuliwa kutoka WhatsApp haliwezi kuangukia 2007 kwa bahati mbaya. Kabla ya kutuma faili lolote huko, lipitishe kwenye antivairasi, hata kama mwenye flashi ni mtu mnayefahamiana.

Hatua ya 7: Programu zenye jina moja la faili, mfano Photoshop

Studio za picha zina tatizo linalofanana na hili ila dawa yake ni nyingine. Nyingi zinabaki na CS6 ya mwaka 2012, ya mwisho kuuzwa bila malipo ya kila mwezi, huku zikiwa na toleo jipya pembeni. Unavinjari, unachagua Photoshop.exe mpya, Windows inakubali, halafu picha inafunguka kwenye ya zamani. Hii ni kwa sababu Windows inaikumbuka programu uliyoivinjari kwa jina la faili lake tu. Ilishawahi kuandika Photoshop.exe na njia ya CS6, kwa hiyo haiandiki tena.

Fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri usajili, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\Applications\Photoshop.exe\shell\open\command. Usipoikuta huko, tazama chini ya HKEY_CLASSES_ROOT\Applications. Kabla ya kugusa chochote, bofya folda ya Photoshop.exe kwa kitufe cha kulia, chagua "Export", hifadhi nakala. Kisha badilisha njia iliyo kwenye "Default" iwe ya toleo jipya, ukiacha "%1" mwishoni kama ulivyoikuta. Dawa hiihii ndiyo ya WINWORD.EXE kama hatua ya 2 ilikuonyesha neno Applications.

Michoro ya wapimaji na wahandisi

Kwa faili za .dwg, yaani michoro ya programu ya AutoCAD, usilazimishe toleo. AutoCAD inakuja na kizinduzi chake, "AutoCAD DWG Launcher", ambacho hupeleka mchoro kwenye toleo ulilolitumia mwisho au lililo wazi tayari. Acha .dwg ielekee kwenye kizinduzi hicho, kisha fungua kwanza toleo unalolitaka ndipo ubofye mchoro.

Mchoro ukikataa kufunguka, kagua kama kosa ni la usajili kweli. Fungua nakala yake kwa Notepad na usome herufi sita za mwanzo. AC1027 ni muundo wa 2013, unaosomeka kuanzia AutoCAD 2013. AC1032 ni muundo wa 2018, na AutoCAD ya kabla ya hapo haitausoma hata ukipanga usajili namna gani. Hapo mpigie simu aliyeuchora, mwombe auhifadhi upya kwa muundo wa 2013 kisha autume tena.