Kuhamisha majina na picha kutoka Nokia 5800 XpressMusic kwenda simu mpya

Nokia waliitangaza 5800 mwezi Oktoba 2008, simu yao ya kwanza ya tachi yenye mfumo wa kuendeshea simu wa Symbian S60 toleo la tano. Nyingi bado zimelala kabatini, na ndani yake mna namba na picha ambazo hazipo mahali pengine popote. Juzi nilikuwa namsaidia jirani yangu, mwalimu mstaafu, kuhamisha vitu vyake kwenda Android, ndiyo maana naandika sasa hivi wakati mambo bado mabichi kichwani.

1. Chaji
Tundu la USB lililoko juu ni la data tu, halichaji. Tafuta chaja ya Nokia ya pini ndogo. Betri ni BL-5J, ileile ya Lumia 520, kwa hiyo kupata nyingine si kazi. Ilaze ya zamani mezani uizungushe kwa kidole: ikizunguka imevimba, usiichaji.

2. Usikubali mtu airudishe simu kiwandani
Mafundi wengi wakiona simu imeganda hukimbilia kushika kitufe cha kijani, chekundu na cha kamera huku wakiiwasha. Njia hiyo inafuta kila kitu kilichoko kwenye memori ya simu. Msimbo *#7370# ukiupiga nao hufuta. Simu ikiwa imejifunga tu, ikaomba namba ya kufungulia na hujawahi kuibadilisha, jaribu 12345.

3. Kioo
Hiki ni kioo cha kubonyeza, si cha kugusa tu kama vya leo. Tumia kucha, au kijiti kilichochomekwa nyuma ya simu. Kwenye orodha bonyeza mara mbili: mara ya kwanza inachagua, ya pili inafungua.

4. Majina
Hapa ndipo watu hupotezea siku nzima, kwa hiyo twende taratibu.

Usihangaike na programu za zamani za kompyuta zinazosambazwa kwenye tovuti usizozijua, nyingi zinakuja na virusi. Bluetooth nayo siipendi kwa kazi hii: ukituma majina mia tatu, yakakatika katikati, hujui yapi yamefika na yapi bado. Njia ninayoiamini ni memori kadi.

Kwanza hakikisha unayaona majina yote. Fungua "Contacts", kisha "Options", "Settings", "Contacts to display", uweke alama kwenye memori ya simu na ya laini pia. Ukiruka hapa, namba zilizohifadhiwa kwenye laini hazitaonekana, nawe utadhani zimepotea. Majina yaliyokaa kwenye laini mara nyingi yamekatwa mwishoni, kwa sababu laini haina nafasi ya jina refu. Hayo utayarekebisha kwa mkono baadaye.

Rudi kwenye orodha, "Options", weka alama majina yote, halafu "Copy" kwenda memori kadi. Waya wa USB usiwe umechomekwa: ukiwa kwenye hali ya "Mass storage", kompyuta huishika kadi na simu yenyewe haiioni. Simu itatengeneza folda ya Others, ndani yake Contacts, na kila jina litakuwa faili lake la vcf, yaani faili la kuhifadhia jina na namba. Hesabu ya mafaili ilingane na hesabu ya majina. Ikipungua, rudia kabla hujaendelea.

Sasa chomeka waya, chagua "Mass storage", nakili folda nzima kwenye kompyuta. Mafaili mia tatu kuyafungua moja moja ni adhabu, kwa hiyo yaunganishe. Kwenye Windows fungua folda hiyo, andika cmd kwenye mstari wa anwani ulioko juu, bonyeza Enter, kisha andika:

copy /b *.vcf ..\wote.vcf

Zile nukta mbili zina kazi: zinaliweka faili jipya nje ya folda. Likibaki ndani na ukirudia amri, linahesabika kama mojawapo ya mafaili ya kuunganishwa, na orodha inaweza kuvurugika. Pakia wote.vcf kwenye Google Contacts, yaani orodha ya majina ya akaunti yako ya Google, siyo kwenye memori ya simu mpya, ili simu ikiibiwa kesho majina yabaki.

Jambo moja kwa aliye nje ya nchi: namba zilizoandikwa 07 bila +255 au +254 hazitapiga ukiwa Muscat au London. Zirekebishe mapema.

5. Picha na nyimbo
Kompyuta inaiona kadi tu. Picha zilizopigwa wakati kamera imewekwa kuhifadhi kwenye simu hazitatokea, na hapo ndipo watu hulia kwamba zimefutika. Chomoa waya, ingia "File mgr.", fungua memori ya simu, tafuta folda ya Images, zinakili kwenda kadi, kisha chomeka tena. Nyimbo ni vivyo hivyo.

6. SMS
Zile unazozithamini zipige picha kwa simu mpya.

Ukihakikisha kila kitu kinafunguka upande wa pili, na unataka kumpa mtu simu, sasa *#7370# ina kazi. Kadi itoe kwanza: msimbo huo hauifuti, na picha za wanao zitaondoka nayo.