Kurudi Kutoka Ng'ambo Kabla ya Siku Iliyotarajiwa: Namna ya Kuwafurahisha Wazazi Bila Kuwatia Hofu

Wazazi wengi wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Kisumu, magharibi mwa Kenya, walio na mtoto anayefanya kazi Doha, Riyadh, Dubai au London wamezoea kuhesabu miezi hadi Desemba. Mtoto anayepanga kuwafurahisha kwa kufika Agosti au Oktoba, bila wao kujua, ana jambo moja la kulinda kuliko hata siri yenyewe: katika dakika ya kwanza wanapomwona mlangoni, wajue kwamba yu mzima na kwamba amekuja kwa heri. Mtoto anayerudi kabla ya wakati wake huwafanya wazazi wajiulize kama amefukuzwa kazi, kama anaumwa, au kama kuna msiba ambao wao hawajaambiwa. Maandalizi yote yanayofuata yanalenga kuizuia hofu hiyo isipate nafasi.

Mambo ya kazini yamalizwe kwanza. Usinunue tiketi kabla ruhusa ya likizo haijaandikwa, na kama unafanya kazi Saudia, hakikisha viza ya kutoka na kurudi imetolewa na siku zake zinatosha. Pasipoti nayo iangaliwe mapema.

Baada ya hapo, tafuta mtu mmoja wa nyumbani wa kushirikiana naye, na awe mmoja tu. Asiwe yule mnayeelewana naye sana ikiwa hawezi kuufunga mdomo, kwa sababu habari ya mtu anayetoka ng'ambo hufika kanisani na sokoni kabla hujafunga sanduku. Dada aliyeolewa karibu, au kaka anayekuja nyumbani mara kwa mara, ndiye anayefaa. Kazi yake ya kwanza ni kukueleza ukweli kuhusu afya ya wazazi, kwani wengi wao huwaficha watoto walio mbali maradhi yao ili wasiwape wasiwasi. Ikiwa Mama ana presha isiyotulia, au Baba ametoka hospitalini hivi karibuni, msiendelee na mpango wa kumshtua. Mwambieni mmoja wao mapema, na yeye amtayarishe mwenzake. Furaha haitapungua hata kidogo kwa Baba kujua tangu asubuhi, na pengine atafurahia kuitunza siri kuliko ambavyo angefurahia kushtuliwa.

Mshirika wako pia ndiye anayejua ratiba ya nyumbani. Katika sehemu zetu maziko mengi hufanyika mwishoni mwa wiki, na wazazi wa umri mkubwa hawakosi kwenda. Ukifika Jumamosi bila kuuliza, unaweza kuikuta nyumba imefungwa, nao wako matangani hadi jioni, au mbaya zaidi ukawakuta wakiwa na huzuni ya jirani waliyemzika saa chache zilizopita. Kuna siku ya soko, kuna siku ya chama cha akina mama, na kuna Jumapili ambayo ibada haiishi mapema. Kwa watu wa Bungoma, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na nyumba yenye mtahiriwa huwa na wageni usiku na mchana. Ukitaka kukaa na wazazi kwa utulivu, jumatano au alhamisi ya kawaida ndiyo siku bora.

Kwa kijana wa kiume kuna suala la simba, yaani nyumba ya kijana katika boma la wazazi. Nyumba ile ndogo uliyojenga kabla ya kuondoka, kama imekaa miaka miwili bila mtu, huenda sasa ni ghala la mahindi, au mabati yake yanavuja. Kwa kuwa katika nyumba nyingi za Waluo na Waluhya haifai mwana mtu mzima alale chini ya paa la wazazi wake, mshirika wako atafute sababu ya kuifagia na kutandika kitanda. Aseme kwamba yeye mwenyewe ana mgeni, jambo ambalo kwa kweli ni sahihi.

Neno hilo la mgeni lina faida nyingine. Watu wengine humtoa mama shambani kwa kumwambia kwamba kuna mtu ameanguka au kwamba ameletwa mgonjwa, na mimi nawasihi msifanye hivyo kamwe. Mama anayekimbia kutoka shambani huku roho iko juu hawezi kuisahau safari ile hata akikukuta umesimama mlangoni na zawadi. Akiambiwa jana yake kwamba binti yake ataleta mgeni kwa chakula cha mchana, atafagia uwanja, atavaa gauni analolipenda, na alfajiri atamtoa jogoo kwenye kibanda kabla kuku hawajafunguliwa. Jambo hili si dogo. Kuku aliyekwisha kufunguliwa hukamatwa kwa kukimbizwa na watoto nyuma ya jikoni, chini ya migomba hadi kwenye ua wa jirani, na mama anayempokea mwanawe bila kuwa na kitu jikoni huona haya ambayo hataisema. Kumpa nafasi ya kuandaa ni sehemu ya heshima unayomletea.

Simu ndiyo inayomwaga mtama mara nyingi, kwa hiyo ishughulikie kwa makini. Shika mazoea yako yote. Kama huwa unapiga Jumapili jioni, piga Jumapili hiyo pia. Kama huwa unatuma pesa mwisho wa mwezi kwa M-Pesa, tuma kiasi kilekile siku ileile, hata kama unajua utakuwa nyumbani baada ya siku tatu, kwa sababu mzazi hutambua mabadiliko madogo kuliko tunavyodhani. Saa za Doha na Riyadh ni sawa na za Kenya, Dubai iko mbele kwa saa moja, na Uingereza iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao. Zingatia hesabu hiyo unapochagua ndege. Kutoka Doha hadi Nairobi ni mwendo wa saa tano na zaidi, na kutoka London ni zaidi ya saa nane, muda ambao ujumbe wa WhatsApp utabaki na alama moja ya vema. Ndege ya usiku hufaa, kwa sababu wazazi wamelala na hakuna anayekutafuta. Ukishatua, usiiwashe laini ya Kenya wanayoijua nyumbani, na usipokee simu ya video ukiwa Kisumu, maana honi ya bodaboda na sauti ya manamba akiita abiria wa Busia hazisikiki Doha.

Kuhusu njia, ninapendekeza ndege ya ndani kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa anayeweza kuilipia, kwani hutumia chini ya saa moja, ilhali barabara ni kama kilomita 350 na uchovu wake utauonyesha usoni. Angalia vizuri tiketi ya pili, kwa kuwa baadhi ya ndege za ndani huondokea uwanja wa Wilson na si Jomo Kenyatta, na foleni ya magari kati ya viwanja hivyo viwili inaweza kukuchelewesha. Uzito wa mizigo unaoruhusiwa kwenye ndege ya ndani pia huwa mdogo kuliko ule wa ndege kubwa. Ukisafiri kwa basi la usiku, utafika alfajiri. Basi pumzika mjini Kisumu, uoge, ubadilishe nguo, kisha uendelee.

Mwendo wa mwisho ndio wenye hatari. Barabara ya Kakamega hupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na ile ya Busia hupitia Maseno na Luanda. Katika stendi yoyote kati ya hizo hakosekani mwendesha boda uliyesoma naye, naye atampigia Mama simu ya pongezi kabla hujateremsha sanduku. Mshirika wako akufuate Kisumu kwa gari, na mwende moja kwa moja hadi nyumbani. Fikeni kati ya saa nne na saa sita mchana. Alasiri mvua ya Kakamega haina simile, na usiku haufai kabisa: mbwa watabweka, jirani atapiga ukemi wa mwizi, na mzee atatoka na panga mkononi.

Mkifika, sauti yako itangulie sura yako. Mama huenda yuko jikoni, ameinama juu ya sufuria ya mrenda aliyoitilia magadi, akiukoroga ili usifurike. Usimnyemelee kwa nyuma na kumfunika macho, kwani moto uko mbele yake. Simama mlangoni, piga hodi kwa sauti yako ya kawaida, na anapogeuka sema maneno yaliyokamilika: "Mama, ni mimi. Niko salama, nimepewa likizo ya mwezi mmoja." Maneno hayo yanajibu maswali yote matatu yaliyotaka kumtisha. Kisha nyamaza, umwache alie, apige vigelegele au aombe, kama apendavyo. Baba anaweza kukushika mkono tu na kuuacha baada ya muda mrefu, bila kusema neno, usimharakishe. Anayetaka kurekodi video asimame mbali akiwa na simu yake, na video isitumwe kokote kabla Mama hajaiona na kukubali, kwa maana alikuwa kichwa wazi na leso yake imelowa machozi.

Kama kuna mtu wa familia aliyezikwa ukiwa mbali, uliza kabla ya kula kama unapaswa kwenda kaburini kwanza, na uende na mzee anayejua taratibu. Masanduku yafunguliwe usiku, wageni wakishaondoka, ili zawadi za wazazi zisigeuke za kila aliyepita kusalimia. Siku hiyohiyo wapigie ndugu zako ambao hawakuambiwa, uwaeleze mwenyewe kwa nini ulimchagua mmoja, na kesho yake uende kuwasalimia ndugu za Baba. Tarehe ya kurudi kazini uitaje jioni ya kwanza, mbele ya wazazi wote wawili, kabla Mama hajaanza kupanga na kanisa siku ya ibada ya shukrani.