Somo: Kutoa betri ya maji na kuweka ya lithiamu kwenye sola ya nyumbani

Betri za lithiamu zimejaa madukani, na kila mnunuzi anaambiwa yale yale: toa ya zamani, weka mpya, basi. Si basi. Betri hizi mbili hazichajiwi sawa, na nyingi ninazoletewa zikiitwa "feki" ni nzima kabisa. Mbovu ni mpangilio wa kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri. Somo hili ni la LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) ya volti 12.8, ambayo ndiyo ninayoishauri kwa nyumba kwa sababu haishiki moto kirahisi kama lithiamu za simu.

1. Hesabu ya usiku
Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400 (joto la Februari hapa Mombasa mnalijua, msiipunguze). TV ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Jumla 850, weka na kinachopotea kwenye inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani), utafika kama 1,000. Betri ya lithiamu ya 100Ah (ampea-saa 100) ina wati-saa 1,280, na hata ukitumia asilimia 80 tu unapata 1,024. Inatosha, japo kwa kubana. Ya maji ya 100Ah hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo ungekuwa na 600 hivi.

2. Kufungua
Tenganisha paneli kwanza, betri baadaye. Wakati wa kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli mwisho.

3. Kontrola
Pesa za watu hupotelea hapa. Ingia kwenye menyu, chagua LiFePO4. Kama haimo, tumia sehemu ya kujipangia mwenyewe: volti za kujaza 14.2 hadi 14.4, za kushikilia baada ya kujaa 13.5. Kisha zima kusawazisha, kule panapoandikwa EQ. Kontrola iliyopangiwa betri ya maji hupandisha volti mara kwa mara hadi 14.8 au zaidi, ili asidi ichemke na kuchanganyika. Lithiamu haina cha kuchemshwa. Ina saketi ya ulinzi ndani, BMS, na seli moja ikifika volti 3.65 hivi, saketi hiyo hufunga njia ya chaji. Umeme wa paneli ukikosa pa kwenda, volti zinaruka, inveta nayo inajizima. Yaani saa saba mchana, jua la utosi, betri imejaa, na nyumba haina stima! Hapo ndipo mwenye duka anapotukanwa bure.

Zima pia fidia ya joto, yaani kontrola kubadilisha volti za chaji kufuata joto. Na kama inveta yako inakubali kubadilishwa, iambie ikate umeme betri ikishuka hadi volti 12 badala ya 10.5.

4. Mahali pa betri
Ndani, penye hewa, sio darini chini ya mabati. Joto likipita nyuzi 45 umri wake unapungua haraka.

5. Chumvi
Ukikaa Nyali, Bamburi au Likoni karibu na maji, panda juu ukague viungo kabla hujafunga chochote. Unga wa kijani ni shaba inayoliwa. Mweupe ni alumini. Ukivikuta pamoja, kuna fundi amefunga waya mtupu wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) moja kwa moja kwenye fremu ya paneli. Shaba na alumini zikikutana penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa zaidi. Safisha, weka kiungo kilichopakwa bati na washa ya stenlesi, kaza, paka grisi. Waya zilizopakwa bati ni ghali kidogo, lakini kwa pwani mimi situmii nyingine.

6. Fyuzi
Karibu na betri, upande wa chanya. Kwa inveta ya wati 600, ampea 80, na waya unene wa kuzibeba. Usiruke hatua hii hata fundi akikucheka.

Maswali ya wanachama

*Kisauni:* Mwalimu, betri yangu ya maji bado inashika chaji. Naweza kuziunga pamoja na mpya?
— Hapana, dada. Volti zao hazilingani, moja itakuwa inamlisha mwenzake usiku kucha. Ya zamani itengee taa za nje, na kontrola yake.

*Likoni:* Inaonyesha 13.2 tangu jioni hadi alfajiri, halafu ghafla giza. Imeharibika?
— Nzima hiyo. Volti za lithiamu hii hazishuki sana mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo volti hazikuambii kilichobaki. Tafuta mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

*Mji wa Kale:* Shekhe, paa letu lina kivuli cha jirani mpaka saa nne.
— Paneli za seli nusu (seli zake zimekatwa mara mbili) hustahimili kivuli kuliko za zamani, lakini kivuli ni kivuli. Ongeza paneli moja. Na mko kwenye eneo la uhifadhi, pitia ofisi yao kabla ya kugusa paa.

*Changamwe:* Nasikia betri za sodiamu zinakuja na zitakuwa rahisi. Ningoje?
— CATL, kampuni ya betri ya China, ilitangaza yake 2021, na sodiamu kweli ni ya kumwaga. Ila volti zake hupanda na kushuka sana, inveta nyingi za madukani hazijapangiwa hivyo. Kama betri yako imekufa leo, nunua LiFePO4. Na fundi akija, muulize leseni ya EPRA (mamlaka ya kusimamia nishati Kenya) kabla hajafungua begi.