Kubadilisha silinda ya bastola ya .22, kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi

Bastola yangu ni Ruger Single-Six, ile ambayo nyundo huvutwa kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Ilikuja na silinda mbili, yaani lile gurudumu lenye matundu sita ya risasi: moja ya risasi za .22 Long Rifle, nyingine ya risasi za .22 Magnum. Kabla ya kununua risasi za aina ya pili, soma cheti chako cha silaha uone kinakuruhusu nini.

Kwanza, weka risasi zote chumba kingine. Elekeza mtutu pasipo na mtu, ufungue kilango cha kulia, kile cha kutilia risasi. Kwenye modeli mpya, zilizoanza 1973, kilango kikifunguka silinda huwa huru kuzungushwa kwa mkono huku nyundo imelala. Hesabu matundu sita, kila moja ulitazame na ulipapase. Mimi huzungusha mara mbili, kila siku, hata nikiwa na hakika.

Bonyeza kitufe kinachoshika pini ya katikati, kisha vuta pini kuelekea mdomo wa mtutu. Silinda itatokea kulia. Ipokee kwa kiganja. Hapa Malindi, hasa wakati wa kusi, pini hushikwa na kutu. Usiivute kwa koleo! Tia tone la mafuta mepesi, subiri.

Sasa tazama namba. Silinda ya pili ya Ruger huchorwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya bastola yake. Usiazime ya mwenzako. Itaingia, itazunguka, lakini tundu lisipolingana sawasawa na mtutu, risasi hunyolewa ukingoni na vipande vya risasi huruka pembeni, kwenye uso wa aliyesimama karibu.

Ingiza silinda ukiizungusha kidogo upande wake wa kawaida. Sukuma pini mpaka kitufe kilie. Funga kilango, vuta nyundo taratibu na kuishusha kwa kidole gumba, mara sita. Kila mara silinda ijifunge bila kuchezacheza.

Risasi ya Magnum haizami kwenye tundu la Long Rifle. Hatari ni kinyume chake: Long Rifle huingia tundu la Magnum kwa ulegevu, ganda likapasuka na gesi moto ikarudi nyuma kwako.

Silinda inayopumzika ifunge kwa kitambaa chenye mafuta. Usiitie kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu.